Rupia ya Mombasa, Shilingi ya Simba au Pauni ya Dhahabu: Ulinganisho wa Bei kwa Mnunuzi wa Kisumu na Nakuru

Katika nyumba nyingi za Nyanza, za Magharibi na za Bonde la Ufa bado lipo kopo la majani ya chai au kibeti cha ngozi chenye sarafu walizoacha wazee: senti zenye tundu katikati, shilingi zenye simba aliyesimama mbele ya milima, na kwa bahati rupia moja au mbili za enzi za kujengwa kwa reli. Anayerithi sarafu hizo hujiuliza maswali mawili. La kwanza ni thamani ya kile alicho nacho. La pili, ambalo siku hizi huulizwa zaidi na vijana wenye mishahara, ni iwapo inafaa kununua sarafu nyingine za zamani ili ziwe akiba, badala ya ploti pembezoni mwa mji au hisa za sako.

Swali la pili haliwezi kujibiwa kwa kutazama bei za mwaka mmoja. Inabidi tuone bei zilivyokwenda kwa miongo kadhaa, na tulinganishe aina za sarafu ambazo mkazi wa Kisumu, Kakamega au Nakuru anaweza kuzipata kwa kweli. Nitalinganisha shilingi ya fedha ya enzi za ukoloni, pauni ya dhahabu ya Uingereza iitwayo sovereni, rupia na sarafu nyingine adimu za Afrika Mashariki, na mwisho sarafu za Kenya huru. Katikati nitagusa sarafu zinazouzwa kwa mamilioni ya dola huko Marekani, kwa sababu ndizo zinazowapotosha watu. Naegemea upande mmoja, na ni vyema msomaji aujue mapema: anayetafuta akiba achukue dhahabu, anayependa ukusanyaji achukue kipande kimoja cha Afrika Mashariki kilicho katika hali bora, na asiyejua anatafuta lipi kati ya hayo mawili asinunue bado.

Shilingi ya simba na pauni ya dhahabu

Kila sarafu ina bei tatu: ile iliyoandikwa usoni, ile ya madini yaliyomo ndani, na ile ambayo mkusanyaji yuko tayari kuitoa kwa sababu ya uadimu wake na hali yake. Bei hizi haziendi pamoja, na hasara nyingi hutokana na mtu kulipa moja akidhani amelipa nyingine.

Tuanze na shilingi ya simba, kwa kuwa ndiyo iliyo ya kawaida zaidi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa 1919, ilianza kutoa shilingi hiyo ikiwa na tarehe ya 1921. Ina uzito wa gramu 7.78, lakini robo yake tu ndiyo madini ya fedha, yaani gramu 1.94. Hali iliendelea hivyo hadi miaka ya 1940, kisha kuanzia toleo la 1948 fedha ikaondolewa kabisa na nafasi yake ikachukuliwa na shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwa hesabu nyepesi, shilingi 16 za kabla ya badiliko hilo zina aunsi moja ya fedha, aunsi hiyo ikiwa ni ile ya gramu 31.1 inayotumiwa kupimia madini ya thamani.

Mwaka 1966, Benki Kuu ya Kenya ilipoanza kazi, aunsi ya fedha iliuzwa kwa dola 1.29 na dola moja ilikuwa sawa na shilingi 7.14. Madini yaliyomo katika shilingi ya simba yalikuwa na thamani ya senti 58 hivi. Aliyeitumia kununulia sukari alifanya vizuri kuliko ambaye angeiyeyusha. Januari 1980, ndugu wawili wa familia ya Hunt kutoka Texas wakiwa wamekusanya madini ya fedha kwa wingi usio wa kawaida, aunsi ilikaribia dola 50, na shilingi ile ile ikawa na madini ya dola 3, karibu shilingi 22 za wakati huo. Miezi miwili baadaye bei ilikuwa imeporomoka. Mwaka 2001 aunsi ilikuwa dola 4 na senti chache, na madini ya shilingi yetu yakawa na thamani ya senti 26 za dola. Aprili 2011 aunsi ilikaribia tena dola 50, na Oktoba 2025 ikapita kiwango hicho.

Jambo ambalo mara nyingi halitazamwi hapa ni ubadilishaji wa shilingi yetu kwa dola. Kwa dola, madini ya shilingi ya simba yalipoteza zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za thamani yake kati ya 1980 na 2001. Kwa shilingi za Kenya yalitoka 22 hadi 20 tu, kwa sababu katika miaka hiyo dola ilipanda kutoka shilingi 7 na senti kadhaa hadi shilingi 78. Mtu aliyeifungia sarafu yake sandukuni mjini Nakuru angeweza kusema kwamba hakupata wala hakupoteza. Angekuwa amepoteza, kwa kuwa shilingi 20 za 2001 hazikununua hata sehemu ndogo ya kile kilichonunuliwa na shilingi 22 za 1980. Mwaka 2011 madini hayo yalifika shilingi 250 hivi, na Oktoba 2025 shilingi 400 hivi.

Sasa tuiweke pauni ya dhahabu kando yake. Sovereni ina uzito wa gramu 7.98 na dhahabu safi ya gramu 7.32, chini kidogo ya robo ya aunsi. Mwaka 1966 dhahabu ilikuwa ingali imefungwa kwenye bei rasmi ya dola 35 kwa aunsi, kwa hiyo madini ya sovereni yalikuwa sawa na shilingi 59 za Kenya. Marekani ilivunja ufungamano huo Agosti 1971. Januari 1980 aunsi ilifika dola 850, na sovereni ikapita shilingi 1,400. Kisha ulifuata ukame mrefu: mwaka 1999 aunsi ilishuka hadi karibu dola 252, lakini kwa shilingi zetu sovereni ilikuwa imefika zaidi ya 4,000, kwa sababu ile ile ya ubadilishaji. Mwaka 2011, aunsi ilipogusa dola 1,900, sovereni ilifika shilingi 40,000 na zaidi. Oktoba 2025 aunsi ilivuka dola 4,000, na madini ya sovereni moja yakapita shilingi 120,000.

Tukizilinganisha kutoka 1966 hadi Oktoba 2025, madini ya shilingi ya simba yamepanda takriban mara 700 kwa shilingi za Kenya, na ya sovereni takriban mara 2,000. Tarakimu hizi zinavutia, lakini zisimlevye mtu. Sehemu yake kubwa, kama mara 18, ni kuporomoka kwa shilingi yetu mbele ya dola. Isitoshe, mwaka 1966 dhahabu ilikuwa inazuiliwa kupanda, kwa hiyo kuanzia kuhesabu hapo ni kuipendelea. Hata tukiyaondoa hayo yote, dhahabu bado iko mbele, na ina faida nyingine ambayo chati hazionyeshi: sonara yeyote wa Kisumu au Nakuru anaijua, anaipima, na ana bei ya siku kwa kila gramu. Akiletewa shilingi ya simba atatabasamu tu.

Habari za mamilioni ya dola

Sarafu zinazotajwa kwenye habari ni za aina nyingine kabisa. Iliyo maarufu zaidi ni dola 20 ya dhahabu ya Marekani ya mwaka 1933. Vilitengenezwa vipande 445,500, lakini serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa imeamuru dhahabu iondoke mikononi mwa raia, na karibu vipande vyote vikayeyushwa. Kimoja tu, ambacho kinahusishwa na Mfalme Farouk wa Misri, ndicho kilichoruhusiwa kisheria kumilikiwa na mtu binafsi. Mwaka 2002 kiliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 7.59, na mwaka 2021 kwa dola milioni 18.87.

Anayesoma habari hiyo huona faida ya zaidi ya dola milioni 11. Lakini ongezeko hilo ni la mara mbili na nusu kwa miaka 19, yaani karibu asilimia 5 kwa mwaka. Katika miaka hiyo hiyo, aunsi ya dhahabu ya kawaida, isiyo na mfalme wala hadithi, ilitoka karibu dola 300 hadi karibu dola 1,900, ambayo ni mara sita. Mmiliki wa sarafu iliyovunja rekodi ya dunia angepata zaidi kama angenunua vipande vya dhahabu vya kawaida na kuvifungia benki.

Wala si kisa cha pekee. Dola ya fedha ya Marekani yenye tarehe ya 1804, katika kipande kilichowahi kuwa cha Sultani wa Muscat, iliuzwa kwa dola milioni 4.14 mwaka 1999 na milioni 7.68 mwaka 2021; hilo ni ongezeko lisilofika asilimia 3 kwa mwaka. Senti 5 ya Marekani ya mwaka 1913 yenye sura ya mwanamke anayewakilisha Uhuru, ambayo vinajulikana vipande vitano tu duniani, ina historia ya kufundisha zaidi. Kimoja kiliuzwa kwa dola 100,000 mwaka 1972. Kingine, kilicho bora kuliko vyote, kilivuka dola milioni 1.4 mwaka 1996, kikafika milioni 4.15 mwaka 2005 na milioni 5 mwaka 2007. Mwaka 2018 kiliuzwa kwa milioni 4.56. Aliyekinunua kwa bei ya kilele na aliyekipokea baada yake walikuwa na kipande kile kile kilicho bora kuliko vyote vitano, na bado miaka 11 ikaleta bei ya chini.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Tangu 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 dhahabu ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake kwa dola, huku sarafu adimu kabisa zikiendelea kupanda kwa vipindi. Kwa hiyo jibu hutegemea mwaka unaoanzia kuhesabu, na anayekuuzia kitu atachagua daima mwaka unaomfaa yeye.

Soko la sarafu za daraja la kati lilipata msukosuko wake mwishoni mwa miaka ya 1980. Kampuni mbili za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zilianza kukadiria hali ya sarafu kwa alama kutoka 1 hadi 70 na kuifungia kila sarafu ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Ghafla mtu ambaye hakuwahi kushika sarafu maishani mwake aliweza kununua alama tu, kama anavyonunua hisa, na fedha za wawekezaji zikamiminika hadi kilele cha 1989. Mwaka 1990 soko lilianguka. Miongoni mwa sarafu zilizokuwa nyingi lakini zenye alama za juu, zipo ambazo miaka mingi baadaye zilikuwa hazijarudi kwenye bei ya 1989. Tangu hapo makasha hayo yamebaki kuwa kinga nzuri dhidi ya sarafu bandia, ila kasha halimhakikishii mtu faida.

Jina la mfalme halitoshi

Kwa msomaji wa kwetu, funzo lililo karibu zaidi limo katika senti zenye tundu. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba 1936, kisha akajiuzulu kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa kwa matumizi nchini mwake. Vipande vichache vya majaribio vilibaki, na mwaka 2020 sovereni yake moja ilinunuliwa kwa pauni milioni 1. Afrika Mashariki, hata hivyo, ilipata sarafu zake. Kwa kuwa senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu na hazikuhitaji sura ya mfalme, zilitengenezwa na kutolewa kwa mamilioni zikiwa na jina lake na tarehe ya 1936. Zilitumika sokoni Kisumu, Kericho na Bungoma kama senti nyingine yoyote.

Leo senti 10 ya 1936 huuzwa kwa dola chache tu, isipokuwa iwe inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Mfalme ni yule yule na mwaka ni ule ule, lakini idadi iliyobaki ni tofauti kabisa. Nimelieleza jambo hili mara nyingi kwa watu wenye senti hizo mkononi, na kila mara naona huzuni ile ile, kwa sababu wamekwisha kusoma mahali fulani kuhusu ile pauni milioni.

Uadimu wa kweli wa Afrika Mashariki uko kwingine. Rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ikiwa na mizani upande mmoja na maneno ya kusifu nuru na uhuru upande mwingine, ilitumika muda mfupi tu, kwani kampuni hiyo ilikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza mwaka 1895. Ina gramu 11.66 na karibu asilimia 92 yake ni fedha, hivyo madini yake peke yake Oktoba 2025 yalikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 2,000. Bei ya mkusanyaji iko juu ya hapo: kipande kilichochakaa huuzwa kwa makumi ya dola, na kilichobaki safi kwa mamia. Isichanganywe na rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria au ya mwanawe Edward wa Saba. Ile ya Victoria ndiyo iliyolipia vibarua wa reli hadi reli ilipofika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901, na haishangazi kwamba rupia inayotoka katika masanduku ya magharibi huwa ni ya India. Ilitengenezwa kwa wingi mno, na mara nyingi bei yake haizidi sana ile ya fedha iliyomo.

Florini ya 1920 ni ya kuangaliwa pia. Rupia ilipofutwa, Afrika Mashariki ilipewa florini yenye thamani ya shilingi mbili, na kabla watu hawajaizoea ikaja shilingi. Maisha yake mafupi ndiyo yanayoipa heshima, na iliyo katika hali nzuri haipatikani kwa urahisi.

Kilele cha ukanda wetu, kwa maoni yangu, ni rupia 15 ya dhahabu ya Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani wa Tanganyika, wakiwa wamezingirwa na vita na kukatwa mawasiliano na kwao, walitengeneza sarafu katika karakana ya reli ya Tabora kwa kutumia dhahabu ya nchi hiyo hiyo. Ina tembo, ina uzito wa gramu 7.17, robo tatu yake ni dhahabu, na vilitoka vipande takriban 16,000. Aunsi ya dhahabu ilipokuwa dola 4,000, madini yake hayakufika dola 700, lakini wakusanyaji huilipia maelfu ya dola. Hapa uadimu una mizizi: idadi inajulikana, kisa ni cha kweli, na wanunuzi wako Ujerumani, Marekani na Afrika Mashariki kwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba imeigwa mara nyingi, kwa hiyo isiyo na kasha la ukadiriaji isinunuliwe kwa mtu usiyemjua.

Hali ya sarafu ndiyo nusu ya bei

Mtu akiniuliza kati ya umri na hali ni lipi lenye uzito zaidi, nitajibu hali bila kusita. Rupia mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei mara kumi kwa sababu moja ina alama zote za mizani na nyingine imelainika kama kifungo. Kadiri miongo inavyopita pengo hilo hupanuka, kwa kuwa wakusanyaji wapya wanazidi kutaka vipande bora na vilivyochakaa vinabaki kuwa vingi.

Huku kwetu adui mkubwa wa hali ni usafi. Sarafu iliyosuguliwa kwa majivu, limau au dawa ya kung'arisha shaba hupendeza machoni pa mwenyewe, lakini mkusanyaji huona mikwaruzo midogo na bei hushuka papo hapo, wakati mwingine hadi kwenye bei ya madini. Adui wa pili ni tundu lililotobolewa ili sarafu ivaliwe shingoni. Rupia nyingi za zamani zilivaliwa kama mapambo, na tundu hilo, hata kama linasimulia mengi kuhusu bibi aliyeivaa, humaliza thamani yake kwa mkusanyaji. Ni heri familia iendelee kuivaa. Kuhusu senti za alumini za 1907 na 1908, unyevu ulizila tangu zilipokuwa sokoni, na ndiyo sababu zilibadilishwa upesi. Ukipata isiyoliwa na isiyo na madoa, ihifadhi mahali pakavu na usiiguse kwa vidole vyenye jasho.

Kabla ya kuuza rupia ya 1888 nje ya nchi, sheria isomwe. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Florini ya 1920 na shilingi ya simba ziko upande salama wa tarehe hiyo. Aliye Kisumu anaweza kuanza kwa kuuliza katika makumbusho ya mji wake. Aliye Nakuru naye, ikiwa ameokota sarafu ardhini karibu na eneo la kale kama Hyrax Hill, atoe taarifa badala ya kutafuta mnunuzi.

Sarafu za Kenya huru

Hapa sitakaa sana. Sarafu zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta za 1966 hadi 1978, za Moi zilizofuata, na hata shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye sura ya Kibaki, zilitolewa ili zitumike na nyingi bado zipo. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha, na Desemba 2018 zikaja sarafu za wanyama, twiga kwenye shilingi 1 na simba kwenye shilingi 10. Badiliko hilo liliwafanya wengi waamini kwamba sarafu za marais zitakuwa adimu. Labda wajukuu wataona hivyo, kwa vipande visivyoguswa. Kwa sasa tangazo la mtandaoni linalodai kununua shilingi 40 kwa mamia ya maelfu, mradi utume kwanza ada ya usajili kwa M-Pesa, ni wizi mtupu.

Isipokuwa moja ndiyo inayostahili kutajwa. Mwaka 1966 zilitolewa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Kenyatta. Ile ya 500 ina gramu 38 za dhahabu ya karati 22. Siku ilipotolewa, madini yake yalikuwa na thamani ya shilingi 280 hivi, kwa hiyo aliyeilipia 500 alinunua heshima zaidi ya dhahabu. Oktoba 2025, aunsi ilipovuka dola 4,000, dhahabu hiyo ilikuwa imekaribia shilingi 580,000. Ni sarafu ya Kenya ambamo madini na uadimu vinavuta upande mmoja, na kama ningekuwa na uwezo ningeichagua mbele ya sovereni nne.

Kuuza ndiko kunakoamua

Bei katika jedwali la mnada si bei anayoipokea muuzaji. Minada mikubwa humtoza mnunuzi ada, mara nyingi karibu asilimia 20 juu ya bei ya nyundo, yaani ile ambayo mnadishaji anafungia mauzo, na bei inayotangazwa huwa imejumuisha ada hiyo. Tuseme rupia yako imetangazwa kuuzwa kwa shilingi 12,000. Nyundo ilianguka kwenye 10,000. Mnada ukikata asilimia 10 kwa muuzaji, unabaki na 9,000, na bado hujalipa posta, bima wala ukadiriaji. Mtu aliyeinunua mnadani kwa 12,000 inambidi asubiri bei ipande kwa theluthi moja ndipo arudishe fedha zake. Ukadiriaji wenyewe, pamoja na kutuma sarafu Marekani au Ulaya, hugharimu kiasi kwamba hauna maana kwa kipande cha thamani ndogo.

Sovereni haina mlolongo huo. Sonara atakata kidogo kwa faida yake na kukulipa siku hiyo hiyo. Lakini sonara huyo huyo hatalipia uadimu hata ukimwonyesha tarehe. Kwake rupia ya Tabora ni gramu 5 na ushee za dhahabu safi. Anayempelekea sonara sarafu ya mkusanyaji anajinyima, na anayempelekea mkusanyaji sovereni ya kawaida anapoteza wakati.

Kwa hiyo mwenye shilingi 5,000 hadi 20,000 za kujifurahisha asinunue mfuko wa shilingi za simba zilizochakaa. Atafute florini moja au rupia moja ya Mombasa isiyowahi kusuguliwa, aipime uzito, aisogezee sumaku ili ahakikishe hainati, na ailinganishe na picha za kipande kisicho na shaka kabla ya kulipa. Mwenye fedha za kutosha kununua sovereni nzima ambaye shabaha yake ni akiba anunue sovereni ya kawaida ya Mfalme George wa Tano, wala asilipe ziada kubwa kwa kuambiwa kwamba mwaka wake ni adimu. Na mwenye fedha za karo ya muhula ujao asinunue chochote kati ya hivi.

Swali linalobaki ni wakati wa kununua, hasa baada ya dhahabu na fedha zote kuvunja rekodi mwaka 2025. Aliyenunua dhahabu kwa dola 850 Januari 1980 alingoja hadi Januari 2008 bei hiyo irudi. Kwa shilingi za Kenya tarakimu ilirudi mapema zaidi, kabla ya miaka ya 1980 kwisha, lakini shilingi zenyewe zilikuwa zimepungua nguvu. Kwa sababu hiyo ningemshauri anayeanza leo anunue sovereni moja, akae mwaka mzima, kisha anunue ya pili kwa bei yoyote itakayokuwapo, badala ya kukopa sako ili anunue tatu kwa siku moja.